Vijiti Kumi na Tisa

"Keaveney," Dympna alinong'ona, akachora kijiti. "Loftus. Loftus. Na huyu... Loftus tena. Jamani, hawa watu jana waliamkia upande gani?"

Alikuwa ameegemea reli ya chuma ya ukumbi wa kuhesabia kura tangu saa tatu asubuhi, tumbo limebanwa, miwani imeshuka puani, penseli mkononi. Upande wa pili wa reli karani alikuwa akifunua kura za sanduku letu, sanduku la kijiji cha Kilcorrin, moja baada ya nyingine, akizilaza mezani uso juu. Hapo ndipo unapopata nafasi yako. Kwetu mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, anayempenda zaidi namba moja. Ukiwa na jicho kali unaona namba moja imeandikwa mbele ya jina la nani kabla karatasi haijafunikwa na ya pili, unachora kijiti, vinne na cha tano kinavikata katikati, na sanduku likiisha unajua kijiji chako kimefanya nini kabla hata msimamizi hajajua. Kila mgombea alikuwa na watu wake pale relini, wamepangana kama ng'ombe kwenye hori, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

Dympna alikuwa amemwahidi diwani wetu, Fergal Keaveney, kura sitini. "Kilcorrin niachie mimi," alimwambia mbele yangu. "Sitini, sipunguzi hata moja." Waliopiga kura kwetu walikuwa mia moja na kumi na wawili, na hao wote Dympna anawajua kwa vichwa vyao, namaanisha kwa vichwa hasa. Anajua nani ana kovu nyuma ya sikio na nani anapaka rangi akidai ni ya kuzaliwa.

Dympna Tarpey ni fundi nywele. Hana duka. Ana kigari chekundu, mkoba wa mikasi na kikaushio kimoja, na huzunguka nyumba kwa nyumba. Wajane anawakunja mawimbi kila baada ya wiki sita. Wasichana wa komunyo ya kwanza anawapamba alfajiri, wanne watano kwa mpigo, na mama zao wakigombania kioo. Maharusi ni wake. Na mtu akifa, familia humpigia Dympna kabla chai haijachemka, maana hakuna anayetaka mama yake alale jenezani na nywele ambazo si zake. Sote tumepita mikononi mwake, na wengine mara ya mwisho hawakujua.

Sasa niambie: mwanamke ameshika mkasi karibu na sikio lako, anakuuliza, "Namba moja kwa Fergal, sivyo?" Utasema nini? Tulisema ndiyo. Mimi mwenyewe nilisema ndiyo, Jumanne, rangi ikiwa imenikaukia kichwani.

Karani alilaza karatasi ya mwisho. Dympna akahesabu vijiti vyake, akavihesabu tena kwa ncha ya penseli, midomo ikichezacheza. Loftus hamsini na nane. Keaveney kumi na tisa.

"Umeruka mstari, wewe," alijiambia. Akamgeukia Packie Moran, mchora vijiti wa Sinéad Loftus, mpinzani wa Fergal, tarishi mstaafu wa posta aliyekuwa amesimama bega kwa bega naye. "Packie, wewe umepata ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Usinitanie, bwana."

"Dympna, mimi nakutania mambo mengine. Hili sikutanii." Packie alimwonyesha karatasi yake. Vijiti vilikuwa vilevile, ila vya kwake vimenyooka kuliko vya Dympna.

Uso wa Dympna ulishuka. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na sikuwahi kumwona amezeeka mpaka dakika ile. "Walinitazama machoni," alisema. "Teresa Gallen alinishika mkono, akaniambia, 'Dympna, Fergal ni damu yetu.' Niliposimamia jeneza la mama yake usiku kucha alikuwa wapi huyo Loftus? Wanafiki wakubwa!"

"Watu wamechoka na diwani wa mazishi tu," Packie alisema polepole. "Anakuja, anabeba jeneza, anakula sandwichi ya nyama, anaondoka. Na sisi, kusema kweli, tulidhani hata wewe safari hii... Baada ya ile habari ya Orla."

"Habari gani ya Orla?"

Packie alinitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Muulize Fergal," alisema, akarudi kwenye karatasi yake kama mtu aliyekanyaga mkia wa mbwa aliyelala.

Nieleze, kwa sababu bila Orla hakuna kisa. Orla ndiye mtoto pekee wa Dympna na marehemu mumewe, Mattie. Yuko Toronto mwaka wa tisa sasa, ameolewa na Ronan, seremala wa parokia ya jirani, wana binti wa miezi kumi na mmoja anaitwa Nessa. Mwaka jana waliomba kibali cha kujenga nyumba kwenye shamba la chini, lile la Mattie. Ronan hakuficha: kibali kikitoka wanarudi, kisipotoka wananunua huko huko na habari ya kurudi inaisha. Hakuwa tayari kuja kubanana na mkewe na mtoto katika chumba cha kulala cha utotoni mwa mkewe, na nani wa kumlaumu?

Basi Dympna alishika kampeni ya Fergal kwa mikono miwili. Ungefungua ukurasa wake kwenye simu ungecheka. Jino la kwanza la Nessa. Chini yake bango la Fergal. Miaka sita tangu Mattie atutoke, mshumaa na waridi. Chini yake Fergal akifungua daraja la waenda kwa miguu. Nessa na uji puani. Fergal na kombe la wazee wa mchezo wa kadi. Ukipitisha kidole haraka ungedhani Fergal naye kazaliwa nyumba ile. Hata kigari chekundu aliwaazima wasaidizi wa Fergal wiki mbili wasambazie mabango, ndiyo maana siku hiyo nilikuwa mimi dereva wake, na ndiyo maana niliona yote.

Wala usimwone mjinga. Mattie alipougua, Fergal alimpeleka hospitali mjini mara saba, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na hakudai hata shukrani. Siku ya mazishi alibeba kona ya mbele ya jeneza, mvua ikimwingia shingoni. Mtu akikufanyia hivyo, huanzi kumkagua.

Septemba, Orla na Ronan walikuja kumbatiza Nessa kanisani kwetu. Siku ileile barua ya halmashauri ya kaunti ilikuwa kwenye rafu juu ya meko. Walitaka vipimo vya udongo, wajue kama ardhi itanyonya maji ya choo, na walitoa miezi sita kujibu. Orla aliishika, akasema, "Mama, tumlipe tu mhandisi, tujibu wenyewe kabla hatujaondoka." Fergal alikuwa mezani, kipande cha keki ya ubatizo mkononi. Dympna akachukua ile barua, akaipangusa unga, akampa. "Mambo ya halmashauri anayajua mtu wa halmashauri," alisema. Fergal akaitia mfuko wa ndani wa koti na kuupiga kofi mara mbili. Tulikuwa tumejaa nyumba nzima na hakuna aliyeona ajabu. Kwetu barua ya serikali haijibiwi. Hupelekwa kwa mtu.

Machi ikaja bahasha nyingine ya kahawia. Dympna hakuifungua. Aliona si adabu, kazi keshaikabidhi kwa mwenyewe. Aliipeleka vilevile hadi chumba cha nyuma cha baa, Fergal anapokutana na watu kila Jumatatu, akampa mkononi. Aprili gazeti la kaunti likatoa orodha ya maombi ya ujenzi, herufi ndogo, ukurasa wa thelathini na kitu. Tarpey, Orla: halikujibiwa ndani ya muda, limehesabiwa kuwa limeondolewa.

Nilisoma. Packie alisoma, Teresa Gallen alisoma, padri alisoma. Dympna husoma vifo na safu ya Fergal, basi. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake atamwambia, na wiki zilipopita, kumwambia kukawa kugumu zaidi, na mwisho tukawa tunakaa kwenye kiti chake, taulo shingoni, tukimsikiliza akihesabu siku za Orla kurudi. "Ndiyo, Dympna. Itapendeza, Dympna." Aibu yangu naijua, huna haja ya kunikumbusha.

Basi pale ukumbini nikamfuata Dympna kwenye meza ya chai. Fergal alikuwa pale, shati limelowa kwapani, amezungukwa na watu wanne. Alipomwona Dympna alifungua mikono.

"Dympna, dada yangu! Kilcorrin ikoje?"

Na unajua yule mwanamke alifanya nini? Aliomba msamaha. "Kumi na tisa, Fergal. Nimekuangusha. Sijui niseme nini, wamenidanganya mchana kweupe."

Kitu kilimpita usoni kama jino limemuuma, kisha tabasamu likarudi. "Usijali hata kidogo. Mimi naishi kwa kura za pili, za walioniweka namba mbili. Wakianza kuwatoa wadogo, utaniona napanda."

"Fergal, Packie anasema kuna..."

"Packie aseme atakavyo leo, kesho atakuwa amesahau." Akambusu shavuni. Mtu akamvuta mkono, akaondoka.

Niseme nini? Nilikuwa na mchana mzima wa kumwambia. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, tukala mayai na mkate, tukasikia matangazo moja baada ya jingine, mgombea huyu ametolewa, kura zake zinahamia kwa aliyewekwa namba ya pili. Kila raundi Fergal alipanda kidogo. Mara mbili Dympna aliniuliza, "Attracta, Packie alikuwa na maana gani?" Mara ya kwanza nilisema Packie amezoea kuropoka. Mara ya pili nilisema nakwenda chooni.

Saa mbili kasoro jioni, jua la Juni, ambalo kwetu huchelewa kuzama, bado linawaka madirishani, wakatangaza raundi ya kumi na moja. Fergal Keaveney, kiti cha tano na cha mwisho, kwa kura ishirini na mbili. Ukumbi ulilipuka. Wakambeba begani, miguu ikining'inia, soksi moja ya bluu na moja nyeusi, na Dympna akiwa mstari wa mbele analia na kupiga picha. Papo hapo akaiweka kwenye ukurasa wake, na chini akaandika: *Amepita! Mungu ni mwema. Shamba la chini linawasubiri wenyewe.*

Simu ikaanza kulia ting, ting, ting. Niliona majina. Teresa Gallen kaweka moyo. Bridie wa duka kaweka mikono inayopiga makofi. Kijiji chote kilichomnyima Fergal kura kilikuwa kinampongeza Dympna kwa ushindi wake. Halafu Orla, kutoka Toronto: *Yes, Mama!!! Ronan anacheza jikoni. Tumeshamwambia mwenye nyumba, tunatoka tarehe tatu Julai!*

Dympna alinionyesha, machozi bado mashavuni.

"Muulize sasa," nilimwambia. "Dympna, muulize Fergal sasa hivi, kabla hujamjibu mtoto."

Kisha akapenya katikati ya watu kwa viwiko. Fergal alikuwa ameshushwa chini, nywele zimemvurugika, na Dympna kwa mazoea akainua mkono kuziweka sawa. Ndipo akauliza.

"Kibali cha Orla, Fergal. Kiko wapi?"

"Cha Orla?" Fergal alikunja uso kwa dhati, kama mtu anayetafuta jina la shule yake ya msingi. "Kile kilikufa Machi, Dympna. Si mliamua kuachana nacho?"

"Nani aliamua?"

"Mimi nilidhani Orla kaghairi. Vipimo vilikuwa havijapatikana, muda ukaisha. Barua ya kukifunga si uliniletea mwenyewe, pale baa? Nilijua umeisoma."

"Sikuifungua. Ningeifunguaje wakati ilikuwa kazi yako?" Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Mwezi wa tano ulisimama mlangoni kwangu na bango mkononi. Nikakuuliza. Ukaniambia umebaki muhuri tu."

"Mwezi wa tano?" Alikuwa ameanza kutazama juu ya bega la Dympna, pale mwandishi wa habari alipokuwa akimpungia mkono. "Dada yangu, mwezi wa tano nimesimama kwenye milango elfu mbili. Huenda nilidhani unasema habari ya ile taa ya barabarani. Sikiliza, wataomba upya. Mwaka, mwaka na nusu, mimi mwenyewe nitalisukuma. Kwa nini tumechaguana?" Akamminya bega, akaenda kupigwa picha.

Kama angekuwa mwongo ningemchukia kwa raha. Hakuwa mwongo. Alikuwa ameahidi watu wengi mno, basi, na sisi ndio tuliomfunza.

Tulitembea hadi kwenye gari langu. Kigari chake chekundu kilikuwa kimeegeshwa mbele ya ukumbi, kimebandikwa uso wa Fergal milango yote miwili, na hakukitazama. Alikaa, akafunga mkanda, akaweka mkoba mapajani.

"Wewe ulijua," alisema.

"Tangu Aprili."

"Na Teresa?"

"Sote."

"Jumanne nilikusuka... nilikupaka rangi saa nzima na nusu, Attracta. Nikakuonyesha kitanda cha mtoto nilichonunua. Ukasema kizuri."

"Nilisema kizuri," nilijibu. Nililia mimi, yeye hakulia.

"Orla alitaka kumlipa mhandisi," alisema akitazama mbele. "Alisema mbele yangu. Nikamnyang'anya barua mkononi nikampa yule. Fergal hakuichukua. Mimi ndiye niliyempa."

Simu ikaita. Picha ya Orla ikajaa kioo, na Dympna akaiacha iite. Ikakata. Ikaita tena. Nikamwambia ukitaka nitatoka nje. Akatikisa kichwa, akabonyeza.

"Mama! Mama, usiseme kitu, tazama tu!" Orla alikuwa amepiga magoti sakafuni katikati ya maboksi, mengine yameshafungwa kwa gundi. Akaisimamisha simu kwenye kitu fulani chini, akarudi nyuma. "Kaanza leo asubuhi. Ronan, mwachie! Mwachie mkono!"

Nessa alisimama peke yake, miguu imepanuka, fulana imepanda tumboni. Akaenda mbele hatua moja, akayumba, akasimama. Hatua ya pili. Ya tatu. Nyuma yake Ronan alikuwa amenyoosha mikono bila kumgusa, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Umeona? Umeona, Mama? Tukifika atakuwa anakimbia shambani!"

Nilijua Dympna ameshafika pale tulipofika sisi sote Aprili: pale ambapo neno moja tu, *itapendeza*, lingempa wiki nyingine tatu za furaha. Lilikuwa karibu mno. Hata mimi nililisikia likija.

"Nimeona," alisema. "Orla, mwanangu. Mwambie Ronan akae hapo karibu yako."

"Kwa nini? Mama, unalia? Ni Fergal, eh? Kwani hakupita?"

"Amepita. Mwambie akae. Maboksi myaache kwanza, msifunge jingine."

Orla aligeuka kumtazama mumewe. Ronan aliacha kucheka. Na mtoto, ambaye hakuna aliyemwambia aache, akaendelea kuja, mikono mbele, akimfuata bibi yake kwenye kioo, mpaka kiganja chake kikafunika kamera na hatukuona kitu tena, tukawa tunasikia tu anavyopumua.